Fundi Gerson Ameingia CHAKA

Jumamosi, 15 Agosti

Nimetoka zamu kliniki nimekuta mgeni kwenye kochi langu. Kavaa suti. Kilindoni hii, saa saba mchana! Jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi. Baba Tumaini kakaa mbele yake, mikono juu ya magoti, kama mwali anayeposwa.

Mgeni anaitwa Deusdedit. Katibu wa chama. Chama gani? Chama cha Haki na Kazi — kwa kifupi CHAKA. Nikasema sijawahi kukisikia. Akasema ndiyo maana amekuja.

Kumbe huko Dar wanatafuta watu wa kugombea ubunge majimbo ya pwani, na Mafia hawana mtu. Aliteremka na boti jana, akauliza gesti: nani anajulikana na kila mtu kisiwani? Wakamwambia Fundi Gerson, yaani Baba Tumaini wangu.

Na kweli anajulikana. Nani hapa hana friji, feni au pasi iliyolala kwenye karakana ya mume wangu? "Fundi, friji yangu?" "Ijumaa." Ijumaa ipi, hasemi.

Nilijua atakataa. Huyu ni mtu ambaye hata harusini akipewa maiki anairudisha. Mgeni alipoondoka nikamtazama tu. Akasema, "Mama Tumaini, wamenifuata mimi."

Alivyolitamka hilo "mimi" — nikaenda kumchemshia chai. Tumekaa kisiwa hiki miaka na miaka, watu wa bara, yeye wa Kasulu, mimi wa Bukoba. Hakuna aliyewahi kumfuata kwa jambo lolote ila friji.

Jumanne, 18 Agosti

Wadhamini. Sheria inataka watu wasiopungua ishirini na tano, waliojiandikisha kupiga kura humu jimboni, wasaini kwamba wanamdhamini. Nilisema hawapati. Kawapata kwa siku moja! Namna alivyowapata — aibu naona mimi. Mtu akija kuulizia kitu chake, Baba Tumaini anamsogezea fomu na kalamu. "Saini hapa, Ijumaa unachukua." Wanasaini huku wanacheka. Bi Kijakazi wa sokoni kauliza kama hiyo ndiyo risiti.

Saleha jirani naye kasaini. Friza lake la samaki liko karakana tangu kabla ya Ramadhani. Kaniambia shoga, mimi hata angeniletea karatasi ya talaka ningesaini, bora nipate friza langu.

Mfaume wa bodaboda ndiye meneja wa kampeni. Kazi ya kwanza, kutafuta koti la kupigia picha. Kaazima la mtu wa Ndagoni, mwenyewe bonge. Kwenye picha Baba Tumaini anaonekana kama mtoto mchanga aliyefunikwa asipigwe baridi.

Jumanne, 25 Agosti

Siku ya uteuzi. Mwisho wa kurudisha fomu, saa kumi jioni.

Asubuhi kaenda kwa hakimu kula kiapo kwamba ana sifa za kugombea. Vizuri. Saa nane kanipigia simu kliniki, sauti ya mtu aliyefiwa. Fomu imelowa! Aliiweka juu ya friji la mteja ili isipotee, barafu ikayeyuka.

Nikaomba ruhusa nikakimbia nyumbani. Tumeitandaza juu ya meza, tukaipiga pasi. Pasi ya mteja — ilishapona zamani, ila mwenyewe hajaambiwa. Saini zote zimesalimika, isipokuwa ya Bi Kijakazi iliyojikunja kidogo. Kisha wote watatu juu ya pikipiki ya Mfaume, fomu nimeikumbatia mimi kama mtoto wa kupeleka chanjo.

Ofisi ya msimamizi wa uchaguzi wameikagua ukurasa kwa ukurasa. Karani kauliza mbona ya moto. Nikasema jua la leo kali.

Imepokelewa. Mume wangu ni mgombea ubunge wa Jamhuri ya Muungano. Usiku kala chakula na koti mwilini.

Jumatano, 26 Agosti

Leo ni siku ya mapingamizi. Wagombea wako watatu: Mwalimu Marijani mstaafu, tajiri mmoja wa mashua, na wetu. Mgombea anaweza kumwekea mwenzake pingamizi kwamba hafai. Wale wawili wamewekeana asubuhi asubuhi.

Baba Tumaini kakaa na simu mkononi mchana kutwa. Hakuna aliyemwekea.

Ameumia! Ugali hakumaliza.

Jumapili, 6 Septemba

Mkutano wa kwanza, hapahapa Kilindoni. Matroni Laurencia wa kliniki alishanionya: wewe ni mtumishi wa umma, nisikuone na kofia ya CHAKA. Nikasimama kwenye kibaraza cha duka, mbali, najifanya nachagua vitunguu.

Watu walijaa! Sikuamini. Baba Tumaini kapanda juu ya kreti la soda, kashika maiki kama kashika samaki hai. Kasema barabara. Kasema maji. Kasema barafu kwa wavuvi, hapo sauti ikamkaa vizuri, maana barafu anaijua. Nikaanza kuvimba kichwa, nikasogea mbele na vitunguu vyangu.

Mfaume akauliza nani ana swali. Mikono ikanyanyuka uwanja mzima.

Kasimama Mzee Kombo. Watoto wa mbele wakampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakohoa. "Nina swali la kisera."

Mfaume akampelekea maiki.

"Feni yangu."

Mweh! Hapo ndipo tulipofahamu watu walifuata nini. "Friji langu, mheshimiwa!" "Redio ya marehemu baba!" "Mheshimiwa, Ijumaa ya serikali yako itakuwa lini?" Mama mmoja kaja na mkokoteni kabisa, anataka abebe mzigo wake palepale. Nikaweka vitunguu chini nikaondoka kwa njia ya nyuma.

Njiani nasikia vijana wanasema Fundi ameingia chaka. Wanacheka mpaka wanakaa chini.

Karudi. Kavua koti, kaingia karakana. Nasikia nyundo. Jumapili!

Ijumaa, 11 Septemba

Friza la Saleha limerudi kwake. Ijumaa kweli, ya leo. Saleha kalitia umeme, likanguruma, kapiga vigelegele mtaa mzima ukatoka nje kuangalia nani kaolewa.

Feni ya Mzee Kombo imerudi. Redio ya marehemu imerudi. Baba Tumaini ana wiki hajalala mchana. Nimemuuliza ni mbinu ya kampeni? Kasema hapana, ni kwamba hawezi kuhutubia watu wanaomdai feni.

Jumatano, 16 Septemba

Kaja bwana mmoja, Damian, mtu wa kuchunguza rushwa. Mpole, mkoba kwapani. Kapata malalamiko kwamba mgombea anawatengenezea wapiga kura vyombo bure ili wamchague.

Nikamwambia, "Bure ya wapi, kaka yangu? Walishalipa! Wengine walilipa Tumaini hajaanza sekondari."

Baba Tumaini kamzungusha karakana yote. Damian kaangalia, kaandika, kakuna kichwa. Kasema sheria inakataza kumpa mpiga kura zawadi, lakini haisemi chochote juu ya kumpa kilicho chake. Akafunga kalamu. Akakaa kidogo. Kisha akafungua mkoba, akatoa blenda.

"Hii inanuka tu ukiiwasha," kasema. "Na mimi nitalipa. Niandikie risiti tafadhali, yenye tarehe."

Jumamosi, 19 Septemba

Mkutano wa Bweni, kaskazini kabisa ya kisiwa. Sikuwa kazini, nikasema niende nikaone. Barabara ile — mifupa yangu bado inatafutana. Mfaume mbele, Baba Tumaini katikati, mimi nyuma na spika mapajani.

Watu saba. Wawili walikuwa wanasubiri kivuli kigeuke. Baba Tumaini kaanza vizuri na umeme, kafika kwenye minazi, ghafla kanyamaza. Kainamisha kichwa. Nikadhani kasahau.

Hapana. Kasikia friji la soda la duka la jirani linagonga vibaya. Kashindwa kuvumilia! "Samahanini ndugu wananchi," kasema kwenye maiki, kashuka, kaingia dukani na bisibisi. Mwenye duka hakuombwa hata ruhusa.

Hapo ndipo Bweni ilipokuja. Wanawake, watoto, wazee, mpaka mtu wa mnara wa taa kashuka. Wamesimama kumtazama anafungua, anapuliza, anafunga. Friji likatulia kama limepewa dawa. Makofi! Hotuba yote haikupata makofi yale. Tumepewa madafu na pweza mkavu. Neno la siasa halikuzungumzwa tena.

Jumatatu, 28 Septemba

Deusdedit kapiga simu toka Dar, kauliza tunaendeleaje. Pesa ya mafuta aliyoahidi hakuitaja. Simu niliipokea mimi, na nilikuwa na maswali. Nikamuuliza, chama chenu kweli kinadhani huyu atashinda?

Akacheka. Shemeji, kasema, kushinda jimbo ni kitu kimoja. Mwenye kura nyingi anachukua, hata akizidi kwa moja. Wengine wanarudi nyumbani. Lakini kura zao haziendi bure. Zinajumlishwa nchi nzima, na chama kikifika asilimia tano kinapewa viti maalum vya wanawake, kwa kadiri ya kura zake. Kwa hiyo kila kura ya Bweni ina faida.

Nikasema, yaani mume wangu anavunjika mgongo barabara ya Bweni ili mwanamke nisiyemjua akakae bungeni?

Akasema ndiyo mfumo.

Na huyo mwanamke wa kwanza kwenu ni nani?

Simu ikaanza kukatikakatika. Nikasubiri. Mimi ni mkunga, kusubiri ndiyo kazi yangu.

"Ni... ni wife, shemeji. Lakini ana uwezo!"

Nimemweleza Baba Tumaini wakati anakula. Nilidhani atatupa kijiko. Kasema tu, "Basi ndiyo maana hela ya mafuta haiji," akaendelea kutoa miiba.

Jumapili, 4 Oktoba

Mfaume na Baba Tumaini wamerudi toka kambi ya wavuvi upande wa Ras Kisimani wanang'aa kama wametoka harusini. Hawajawahi kupokelewa vile! Tofiki, mkubwa wa kambi, kawatandikia mkeka. Baba Tumaini kaongea habari ya barafu tu, mwanzo mwisho, na wavuvi wakamnyanyua mabegani. "Mbunge! Mbunge!" Wamemzungusha kambi nzima mpaka viatu vikamtoka.

"Kambi yote yetu," Mfaume kaniambia. "Hakuna hata mmoja aliyepinga."

Nikauliza kitu kidogo tu. Wanapigia kituo gani?

Wakatazamana.

Mfaume kampigia Tofiki, kaweka sauti kubwa. Tofiki kasema kwa furaha kabisa kwamba wao ni watu wa msimu — wamejiandikisha Kilwa, wengine Tanga, na mwezi wa kumi na moja wanaondoka. Lakini dua wanamuombea sana.

Mfaume katoka kwenda kuosha pikipiki ambayo ilikuwa safi.

"Lakini walishangilia kweli," Baba Tumaini kasema. "Hawakuwa wanadai kitu."

Jumamosi, 17 Oktoba

Karakana tupu. Nimesimama mlangoni nikashangaa kuona sakafu. Kumbe ni ya saruji! Watu sasa wanaleta vitu asubuhi wanachukua jioni. Wanamwita mheshimiwa, na safari hii hawacheki, au wanacheka vizuri.

Yeye ndiye hana raha. Jana kakaa mbele ya televisheni ya Saleha wanaonyesha kikao cha zamani cha Bunge. Karudi kaniuliza hivi swali la nyongeza ni nini. Unajibuje kitu usichoandaliwa? Na Dodoma baridi yake ikoje?

Nikamwambia si ulitaka mwenyewe.

"Kugombea kwenyewe ni kuzuri, Devota," kasema. Aliniita jina langu. Hajaniita hivyo tangu Tumaini azaliwe. Kisha akageuka ukutani akalala, au akajifanya.

Jumanne, 27 Oktoba

Mwisho wa kampeni. Kofia tatu za CHAKA zimebaki. Koti limerudishwa Ndagoni. Mwenyewe kasema limepungua! Labda ni mgombea ndiye aliyekua.

Jumatano, 28 Oktoba

Nimepiga kura. Nina wino kidole kidogo cha kushoto, hautoki hata kwa spiriti ya hospitali, nimejaribu.

Tulikwenda pamoja saa moja, tumevaa kama tunakwenda misa. Kituo chetu ni kimoja tu kwa mtaa mzima, foleni ndefu, na kila mtu kwenye foleni ni wetu! Walimpisha mbele, akakataa. Mzee Kombo kamshika mkono na mikono miwili. Bi Kijakazi kambariki. Saleha kamkonyeza. Nikasema moyoni, Mungu wangu, huyu anashinda.

Karatasi tatu: ya rais, ya mbunge, ya diwani. Nimeingia kibandani na kalamu yao iliyofungwa kamba.

Sasa naandika hapa, na hapa tu. Nilikusudia kumpa Mwalimu Marijani. Kaahidi boti ya kuwaleta wajawazito kutoka visiwa vidogo, na mimi nimeshapokea akina mama wengi mno waliochelewa. Kura yangu ilishapangwa kwenda huko tangu Septemba.

Halafu nikaiona ile picha. Koti limemmeza, shingo kama ya kobe, macho yanauliza kama anaruhusiwa kukaa. Nikafikiri, watu wote hawa wamemshika mkono, na kama hawakumaanisha je? Kama ikatoka sifuri, mbele ya mtaa, na mke wake yuko mtaa huohuo?

Nikaweka vema kwa Gerson. Mwalimu Marijani anisamehe. Na akina mama wa visiwani wanisamehe.

Baba Tumaini naye alikaa kibandani mpaka msimamizi wa kituo akakohoa. Nikajua anajitazama pichani.

Mfaume kabaki ndani kama wakala wetu. Yeye amejiandikisha kwao Ndagoni, kwa hiyo hapa anahesabu tu.

Alhamisi, 29 Oktoba

Mfaume kaja asubuhi, macho mekundu. Kakaa barazani, kaomba chai, kanywa nusu kikombe. Baba Tumaini alikuwa ameshaanza kazi, feni ya mtu iko miguuni kwake.

"Sema tu," kamwambia.

Mfaume kasema kura zimehesabiwa mbele ya mawakala wote, karatasi moja moja, na matokeo yamebandikwa mlangoni. Jimbo zima bado. Hapa kituoni Mwalimu Marijani kaongoza, tajiri wa mashua kafuata.

"Na sisi?"

"Fundi... moja."

"Mia moja?"

"Moja."

Saleha alikuwa anasikiliza ukutani kama kawaida yake. Nikamgeukia kwa hasira. Saleha! Si ulisaini udhamini?

Hata hakuona haya. "Kudhamini nilidhamini, shoga. Lakini kura! Tumpe kura aende Dodoma, halafu? Nani atanitengenezea friza? Mwanamume ndiyo kwanza amekaa sawa, sisi tumfukuze?" Kasema walizungumza sokoni, wanawake kwa wanaume, na wote wamekubaliana. Bi Kijakazi ndiye aliyeanza. Haikuwa chuki hata kidogo, Fundi asije akadhani. "Tunampenda, ndiyo maana."

Nilimtazama Baba Tumaini. Nilijua atavunjika. Nilishaandaa neno la kumwambia.

Hakuvunjika. Kaweka bisibisi chini. Kasimama, kaja mpaka nilipokaa, kanishika mkono huu wenye wino, mbele ya Mfaume na mbele ya ukuta wa Saleha. Macho yana maji.

"Asante, mke wangu," kasema. "Ile moja ni yako. Nilijua wewe hutaniacha."

Mfaume kaangalia pembeni kwa heshima. Saleha kasema maskini. Na mimi nikatabasamu, nikamfinya mkono, nikaona raha kabisa. Kidogo nilie.

Halafu nikaacha kutabasamu.

Moja. Ni yangu. Sawa. Na ya kwake?

Mfaume naye nadhani alifika hapohapo, maana kikombe kilisimama katikati ya njia. Akamtazama Baba Tumaini. Akanitazama. Akasema ana abiria anamsubiri bandarini, akaondoka pikipiki inazima inawaka.

"Baba Tumaini," nikasema. "Wewe ulimpa nani?"

Kakohoa. Kura ni siri, kasema. Hata kwa mke? Hata kwa mke, sheria iko wazi. Hata hanitazami! Saleha kule ukutani hata hapumui.

"Gerson."

"Ngoja, ngoja kwanza," kasema, kavuta redio karibu, kainamia kabisa, mgongo kwangu. "Wanasoma ya Bweni."

Ni muda sasa. Nimeshachukua daftari hili nimekaa naandika, yeye bado anazungusha kitufe, sikio kaligandisha kwenye spika, mkono kaunyanyua kunizuia nisiseme.

Redio hajaiwasha.